Mkaa, gesi au presha ya umeme? Inategemea unapika nini na hela yako inaingiaje

Siku hizi naulizwa sana, hasa na watu wanaohamia geto la kwanza, eti ninunue jiko gani. Mi si fundi wala siuzi majiko, ni mpangaji tu wa Dar ambaye nimepitia yote, nilianza na mkaa kule Mbagala, nikahamia Tabata nikawa na mtungi mdogo, sasa hivi nina mtungi mkubwa na presha kuka ya umeme, na lile jiko la mkaa bado lipo nyuma ya mlango linakula vumbi na silitupi, nitawaambia kwanini.

Kabla hujatoa hela angalia vitu hivi: hela ya kuanzia, hela ya kila siku (na hapa muhimu zaidi ni unailipaje, maana buku kila siku na elfu 24 kwa mkupuo si kitu kimoja hata kama mwisho wa mwezi zinalingana), muda, chakula chenyewe unachokipenda, hatari, halafu mwenye nyumba. Hilo la mwisho usilicheke, kuna watu wamenunua presha ya laki na kitu ikaishia kurudi kwenye boksi.

Hela ya kuanzia

Hapa mkaa hauna mpinzani. Jiko la udongo lenye bati nje unalipata kwa hela ndogo tu, unanunua mkaa wa buku, unaomba kaa la moto kwa jirani, umeshaanza maisha.

Gesi ina ngazi mbili. Kuna mtungi mdogo wa kilo 6 wenye bana juu yake, ule sufuria inakaa juu ya mtungi wenyewe, huo ndo jiko la mabachela wengi. Halafu kuna wa kilo 15, huo unataka regyuleta, mpira, jiko la pleti mbili na kimeza cha kuwekea, ukija kujumlisha unakuta umevuka laki na nusu na hata kijiko cha kupakulia bado hujanunua. Uzuri mtungi unaununua mara moja tu, baada ya hapo unapeleka mtupu unapewa uliojaa.

Umeme napo usichanganye vitu. Presha kuka ya lita 6 Kariakoo bei inapanda na kushuka kulingana na jina lililoandikwa mbele, yangu niliichukua kwa laki na thelathini, jina la Kichina ambalo sijawahi kulisikia popote, ina mwaka wa tatu na imenisumbua mpira wa mfuniko tu. Halafu kuna yale majiko ya koili, yale ya waya unaowaka mwekundu, hayo ni bei chee kabisa, na hapo ndipo ubishi wote wa "umeme unakula" ulipozaliwa. Wengi wanaoulalamikia umeme ukiwauliza vizuri walipikia koili, hawajawahi kugusa presha.

Hela ya kila siku

Sasa hapa ndo kwenye utamu.

Jumamosi moja niliamua kumaliza ubishi na jirani yangu. Nikazima friji, feni, tivi, nikachomoa mpaka chaja ya simu, nikabaki na presha peke yake. Nikachukua rimoti ya LUKU (ile mita ya umeme wa kulipia kabla), uniti zinasoma 41.6. Nikaweka maharage nusu kilo, ya manjano, sikuyaloweka, maji, kitunguu, nikafunga, dakika 45. Jirani amekaa kwenye ndoo ananiangalia kama mganga. Ilipomaliza nikasubiri mvuke ushuke wenyewe, nikafungua, maharage yamepasuka vizuri unabonyeza kwa kidole, nikaangalia rimoti: 41.2. Yani hata nusu uniti haikufika.

Tupige hesabu. Bei ya kawaida ya nyumbani ni shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, ya REA (wale wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wale wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika kama 356. Kwahiyo yale maharage yamekula shilingi 140 na ushee. Andazi hulipati hapo. Na kama mita yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti (na makato 122), ni kama hamsini tu! Ila lile kundi mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha unaanza kuonja bei ya juu, kwahiyo ukiwa na friji na pasi na presha piga hesabu zako vizuri kabla hujajisifu.

Maharage hayo hayo kwenye koili la wati 1000 kwa masaa mawili na zaidi ni uniti 2 zimeenda, kwenye 700 hivi. Chakula kilekile, mita ileile. Tofauti ni kwamba presha ikishapata joto inajizima, inakuwa inajiwasha kidogo kidogo tu kulinda, na joto halina pa kutokea, wakati koili linapasha sufuria, ukuta, na wewe mwenyewe.

Gesi nayo niliipima, safari hii kwa mizani ya muuza mchele wa pale chini, akaniona chizi lakini akanikubalia. Mtungi wa kilo 6 mara ya mwisho nilijaza kwa 24,000, ina maana kilo moja ni elfu 4. Maharage yaliondoka na robo kilo na kidogo, kwahiyo ni buku na kitu kwa sufuria moja. Lakini chai? Mayai? Kupasha mboga? Haionekani hata kwenye mizani. Ndo maana watu wawili wana mitungi inayofanana na mmoja unadumu mwezi na nusu mwingine wiki tatu, ukichunguza huyo wa wiki tatu anachemshia maharage na makongoro.

Na wale wanaosema gesi si inatoka Mtwara na Songosongo sasa kwanini bei inapanda, jamani ile ni gesi nyingine. Ya kwetu inapita kwenye bomba, nyingi inazalisha umeme na viwanda, na nyumba chache za Dar zimeunganishiwa bomba lake. Ya kwenye mtungi inakuja na meli kutoka nje, kwahiyo bei ya dunia ikipanda au shilingi ikilegea unaisikia pale kwa wakala.

Mkaa kwa siku ni rahisi, kwa mwezi ni ghali. Familia ya watu wanne ikipika mara mbili inachoma wa buku, wakati mwingine buku jero, zidisha mara 30 unapata elfu 30 mpaka 45. Kipindi cha mvua ndo usiseme, mkaa unapanda bei halafu unauziwa umelowa, unapepea mpaka mkono unakufa ganzi. Lakini nisiwe kama wale wanaokaa kwenye kiyoyozi wakishangaa maskini kwanini hawanunui vitu kwa jumla. Mtu anayelipwa elfu kumi kwa siku akitoka kibaruani, hiyo 24,000 ya kujaza mtungi siku hiyo hana, buku anayo. Ukiangalia hivyo umeme unafanana na mkaa, LUKU unanunua hata ya buku mbili kwa simu. Na kuna mitaa ambayo gesi imefungwa mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu, kama kwako ipo basi lile tatizo la mkupuo limekufa.

Muda

Gesi. Kiberiti, moto, umemaliza, asubuhi una daladala ya saa kumi na moja na nusu hutaki stori nyingine.

Mkaa weka dakika 20 za kuwasha kabla hujaweka hata maji, japo ukishakolea unakaa na moto wake mzuri tu.

Presha inadanganya kidogo, imeandikwa dakika 45 lakini ongeza kama 15 za kupata presha mwanzo na nyingine 10 au 15 za kushusha mvuke mwisho. Utamu wake ni kwamba hukai nayo. Unabonyeza unaenda kuoga, unafua, unaenda saluni, haiungui. Mama yangu mdogo yuko Mbeya, kule juu maji yanachemka kabla hayajafika hata 95, kwenye 94 hivi, ndo maana maharage ya kule kwa sufuria ya kawaida unaweza kumaliza nusu siku. Nilimpelekea presha Krismasi, akaniambia "mwanangu hii mashine ina pepo, nimetoka kanisani nimekuta imeshaiva". Hajarudi nyuma.

Chakula kinatokaje

Hapa kila mtu na babu yake. Wali wa nazi uliopaliwa moto juu ya mfuniko, ule unaoacha ukoko wa dhahabu chini, hakuna presha wala gesi inayoutoa hivyo, na anayebisha hajala wali wa Tanga. Nyama choma, mahindi, samaki wa kubanika, hayo ni ya mkaa na hayana mjadala.

Gesi ni ya vitu vya kuamrisha moto, chapati, maandazi, mayai, mchuzi wa haraka, kukaanga chochote. Ugali kwenye mtungi mdogo ni mtihani kidogo kwasababu ukisonga kwa nguvu mtungi unacheza, mi nilikuwa naishusha sufuria chini naibana kwa miguu naimalizia hapo, jiko la pleti mbili ndo linakupa heshima.

Presha mpe vitu vigumu: maharage, kunde, makande, makongoro, utumbo, kuku wa kienyeji yule aliyekataa kulainika, mchemsho wa ndizi. Maharage usivuke nusu ya sufuria, povu linaziba kile kitundu cha mvuke. Ugali inawezekana lakini lile bakuli linazunguka humo ndani kama lina hasira na wewe. Chapati sahau.

Na kitu ambacho hakisemwi sana, presha ya umeme inamaliza ladha ya moshi. Kuna watu kwao maharage bila kale ka moshi ni dawa ya hospitali. Siwacheki, ladha ni kitu cha kulelewa nacho.

Hatari

Mkaa: usilale nao ndani. Sijali baridi ya Njombe ikoje au mvua ya masika inanyesha kiasi gani. Ile hewa ya mkaa haina harufu, unasikia usingizi mtamu tu, basi. Na ukipikia chumbani kila siku mapafu ya watoto yanalipa.

Gesi ya mtungi wameitia harufu makusudi ili uisikie, na ni nzito kuliko hewa kwahiyo inakaa chini, inajikusanya kwenye kona na uvunguni. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote, usiwashe wala usizime taa, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio, ikitoa mapovu inavuja. Na ile tabia ya kulaza mtungi gesi ikikaribia kuisha ili umalizie chai, acheni, ile ya maji maji inakimbilia kwenye bana. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani mwagia maji ya moto kidogo ubavuni halafu shika kwa kiganja, pale panapoanza ubaridi ndo gesi ilipo.

Nyongeza kwenye gesi, kupunjwa. Niliwahi kuletewa mtungi geti likiwa limeshafungwa usiku, nikaupokea hivyo hivyo, ukaisha siku ya tisa. Siku hizi siupokei bila mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu kwenye chuma, unajumlisha na 6 au 15, isipofika unarudisha hapo hapo.

Umeme: usiichomeke presha kwenye ekstensheni ya buku tano iliyobeba na friji na redio, itayeyuka. Chomeka ukutani. Umeme ukikatika chomoa, maana unaporudi unarudi na hasira unaua ile bodi ya ndani, friji gadi (kile kifaa cha kulinda vyombo umeme ukiyumba) inasaidia. Na mfuniko usiulazimishe kabla mvuke haujaisha.

Mwenye nyumba na mita ya pamoja

Kama mnachangia LUKU wapangaji sita mita moja, presha yako ni kesi hata kama ni ya shilingi 140. Mi Tabata yalinikuta.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Nasikia unapikia umeme."
"Ni presha mama, haili kabisa."
"Mwanangu, kila kitu kinachotoa moto kinakula."

Nikampigia hesabu za uniti, akanisikiliza kwa upole wote, akamalizia kwa kusema kuanzia mwezi ujao wenye majiko waongeze elfu kumi. Elfu kumi! Kwa maharage yangu ya mara mbili kwa wiki! Nikairudisha kwenye boksi mpaka nilipohama. Kwahiyo kama hamna mita ndogo ya kila chumba, ongea kwanza ndo ununue.

Gesi hapo haina mtu wa kukuuliza, mtungi wako hela yako. Mkaa nao una siasa zake, masizi ukutani, moshi kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, na nyumba za ghorofa nyingi hawautaki kabisa.

Sasa uchukue nini

Bachela wa chumba kimoja, unakunywa chai asubuhi na kupika usiku mara tatu kwa wiki, maharage unanunua yaliyochemshwa kwa mama ntilie: mtungi wa kilo 6 unakutosha, usijitese na kingine.

Familia yenye mita yake, maharage au makande kila wiki: presha ya vitu vya kuchemka muda mrefu na gesi ya vitu vya haraka. Mtungi wangu wa kilo 15 ulikuwa unaenda mwezi na nusu, tangu presha iingie unakaribia miezi mitatu. Huku ukifanya hivi umeshaingia na kwenye ile ndoto ya serikali ya asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, bila hata kuhudhuria semina.

Kipato cha siku kwa siku na mita unayo, hata ya kundi la matumizi madogo: weka vihela vya presha kabla ya gesi, najua watu watanishangaa, lakini ni wewe unayechoma buku ya mkaa kwa sufuria ambayo umeme ungeipika kwa shilingi hamsini mpaka 140 kulingana na mita yako. Mkaa baki nao kwa ugali na chapati.

Kipato cha siku kwa siku na mita ya pamoja yenye ugomvi: mkaa na mtungi mdogo pamoja, chai na kupasha kwenye gesi, maharage kwenye mkaa, loweka usiku upunguze muda.

Unakaa sehemu umeme unakatika kila jioni: usitegemee presha peke yake. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 kuja 2024 nilikuwa napika maharage saa nane usiku kwasababu ndo umeme ulikuwepo. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze mambo ni afadhali, lakini nguzo ya mtaani kwenu ikidondoka bwawa halikusaidii.

Mama ntilie, muuza supu, mtu wa sufuria kubwa: presha ya lita 6 ni mwanasesere kwako, angalia mtungi mkubwa na bana ya chuma, na pima kwanza wiki moja unachoma mkaa wa shilingi ngapi kabla hujaamini hesabu za mtu yeyote, pamoja na zangu.

Na lile jiko nyuma ya mlango. Idi iliyopita wageni wanane sebuleni, pilau iko jikoni inaanza kukauka maji, gesi ikaisha. Nikasema haina shida namalizia kwenye presha, nikahamisha, nikabonyeza, umeme ukakata mtaa mzima. Shemeji yangu akatoka na tochi ya simu akarudi na mkaa wa buku mbili kwenye mfuko wa rambo, tukawasha uani, tukapalia na juu. Wageni walikula saa nne usiku, na wakagombania ukoko.